Saanane, Rubondo au Serengeti ya Ndabaka: ukiwa Mwanza, uende wapi?

Dada yangu anaishi Dodoma. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, tunakuja Juni, siku nne tu. Mama anataka kuona wanyama kabla magoti hayajamgomea kabisa. Watoto wanaimba simba asubuhi na jioni. Mimi nataka sehemu tulivu yenye maji na ndege. Tupeleke unakokujua wewe." Niliusikiliza mara mbili, maana ndani ya ujumbe huo mmoja kulikuwa na safari tatu tofauti.

Aliyeko Mwanza ana hifadhi tatu za taifa anazoweza kuzifikia kwa gari na boti: Saanane, iliyo mbele ya mji wenyewe, Rubondo, kisiwa cha msitu upande wa magharibi wa ziwa, na Serengeti, kwa kuingilia lango lake la magharibi la Ndabaka. Ipo pia Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, lakini hiyo inahitaji safari yake na siku zake, nitaiacha kwa leo. Wengi wakizilinganisha huanza kuhesabu wanyama wakubwa, na kwa hesabu hiyo Serengeti imeshashinda kabla hatujafungua mdomo. Mimi hupima kwa vitu vitatu: una muda gani, unaongozana na nani, na unataka kuwa wapi mnyama anapotokea. Ndani ya gari, juu ya jiwe, au chini ya miti ambako humwoni mpaka asogee.

Kufika

Saanane haina safari ya kusimulia. Ofisi ya hifadhi iko Capri Point, bodaboda inakufikisha mlangoni, kisha boti kama dakika kumi. Eneo lote la hifadhi, maji yakiwemo, ni kilomita za mraba 2.18 tu. Unaweza kwenda baada ya chakula cha mchana na ukarudi kabla ya magharibi. Ukiniuliza, nenda asubuhi. Upepo wa ziwa huanza kusumbua mchana, na wanyama hujificha kivulini jua likishapanda.

Ndabaka iko kwenye barabara ya lami ya kwenda Musoma, kilomita kama 140 kutoka mjini. Unapita Magu na Lamadi, Ghuba ya Speke ikiwa mkono wa kushoto, halafu lango linatokea mkono wa kulia, palepale barabarani. Hili wageni wengi wa Mwanza hawalijui. Wanadhani Serengeti ni lazima uende Arusha kwanza.

Rubondo ndiyo yenye njia ndefu, ingawa imepungua. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limefunguliwa, na ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikila nusu siku haipo tena. Unavuka, unapita Sengerema na Geita, kisha unachagua: ushuke Nkome, ambako boti huchukua muda mrefu zaidi majini, au uendelee hadi upande wa Chato, Muganza na Kasenda, ambako barabara ni ndefu lakini maji ya kuvuka ni machache. Kwa mtu anayeogopa mawimbi nasema Kasenda bila kusita.

Jambo moja kuhusu Rubondo lilinigharimu usiku mzima. Safari yangu ya kwanza niliahidiwa na mtu aliyejiita wakala kwamba boti ingenisubiri Nkome. Nilifika saa kumi jioni, boti haipo, simu haipokelewi. Nililala gesti, na asubuhi nikaanza kupanga upya na hifadhi yenyewe. Tangu hapo, boti ya Rubondo naipanga kwa kuongea na ofisi ya hifadhi moja kwa moja, siku kadhaa kabla, na sitoki nyumbani mpaka nimethibitishiwa saa na gati.

Wanyama

Hapa ndipo watu hukosea kuchagua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Saanane ilianza kama shamba la mzee mmoja, Saanane Chawandi, ambaye kisiwa kimebaki na jina lake. Mwaka 1964 Serikali ilikigeuza kuwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo walipitia hapo. Mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa. Utakachokikuta leo ni swala pala wanaotembea huru, tumbili, pimbi wamejaa kwenye mianya ya miamba, kenge, na mamba ukiwa na bahati na macho makali. Ukienda ukitegemea mbuga utarudi umenuna. Ukienda kuangalia vitu vidogo kwa utulivu utachelewa boti.

Chukua mjusi wa kwenye miamba. Dume lina kichwa na mabega mekundu yanayoelekea waridi, na mwili uliobaki ni buluu iliyokolea. Analala bapa juu ya jiwe akipiga pushapu, akimwonya dume mwenzake asisogee. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani mji huu umo kwenye jina lake, na watu wa Mwanza tunampita kila siku bila kumtazama. Au chukua pimbi. Ukimwona kwa mara ya kwanza utasema ni panya mnene asiye na mkia, lakini ukoo wake wa karibu ni tembo. Watoto wa dada nikiwaambia hilo hawataniamini, na nina hamu ya kubishana nao juu ya jiwe lenyewe.

Rubondo ni habari nyingine. Kisiwa kiliwekwa kuwa pori la akiba mwaka 1965 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Waliokuwa wakiishi huko, wavuvi na wakulima wa Kizinza, walihamishiwa visiwa jirani na bara. Ukitembea msituni kumbuka kwamba ukimya ule haukuwapo tangu mwanzo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, chini ya mradi ulioongozwa na Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, sokwe 17 waliokuwa kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya waliachiliwa pale. Hakuna aliyewafundisha kuishi porini. Wengine walikuwa wamezoea binadamu mpaka wakawa hatari. Lakini walijifunza kula matunda ya msitu, kujenga viota mitini na kuzaa, na unaowaona leo ni watoto na wajukuu wao. Waliletwa pia tembo, twiga na mbega, nao wapo. Faru walioletwa hawapo tena, waliisha kwa ujangili.

Ila mnyama wa Rubondo ninayempenda zaidi hakuletwa na mtu. Ni nzohe, swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, zinamwezesha kutembea juu ya matope na mafunjo bila kuzama. Akishtuka huingia majini na kubakiza pua tu juu. Nilimwona mmoja alfajiri, kwenye ukingo wa mafunjo, akiwa amesimama maji tumboni akitafuna. Hakuwa mbali. Nilijaribu kumhesabia pumzi, na nilipoangalia saa dakika arobaini zilikuwa zimepita. Pembeni fisi maji wawili walikuwa wakigombania samaki, wakipiga kelele kama watoto wanaogawana muwa.

Simba hakuna Rubondo, wala chui. Ndiyo maana unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi, ingawa mamba, kiboko na tembo wapo na kila neno la askari ni amri. Kufuatilia sokwe ni saa nyingi za kutembea msituni, na unaweza kutoka umesikia sauti tu. Mwenye mafua haendi kabisa, kwa sababu magonjwa yetu ya njia ya hewa huwaua sokwe. Kama una watoto wadogo, ulizia kikomo cha umri kabla hujalipa.

Serengeti haihitaji mpiga debe. Zaidi ya nyumbu milioni moja, pundamilia, simba, chui, na kilomita za mraba 14,763. Ninachotaka ukijue ni kwamba upande wa magharibi si ile Serengeti ya kwenye kalenda. Ni ukanda wenye mto Grumeti na miti yake, mbega kwenye matawi, mamba wakubwa kwenye madimbwi, na nyanda zinazofurika nyumbu kwa majira tu. Kwa kawaida hufika kati ya Mei na Julai wakielekea kaskazini, lakini mvua ndiyo mwamuzi, na mwaka mwingine huwahi au huchelewa kwa wiki kadhaa. Ukienda Oktoba utakuta wanyama wakaazi, twiga, swala, viboko, pengine simba, ila bahari ya nyumbu hutaiona.

Kosa la kawaida ni kuingia Ndabaka na kutaka kufika Seronera, katikati ya hifadhi, na kurudi siku hiyohiyo. Mwendo wa juu unaoruhusiwa hifadhini ni kilomita 50 kwa saa. Utakuwa umelipia siku nzima ya kuangalia vumbi. Kama una siku moja, baki magharibi, nenda taratibu kando ya Grumeti, zima injini na usubiri. Kama unamtaka chui, lala angalau usiku mmoja ndani.

Ndege

Kwa idadi ya aina, Serengeti ina zaidi ya 500 na Rubondo zaidi ya 200. Hesabu hiyo haikusaidii kuchagua, kwa sababu ndege wenyewe hawafanani.

Serengeti ni ndege wa nyasi na wa mizoga: mbuni, ndege karani anayetembea akikanyaga nyoka, mumbi weusi wenye koo jekundu, korongo taji, tumbusi wanaozunguka juu na kukuonyesha mahali simba alipokula kabla dereva hajajua. Unawaona kwa urahisi, ni wakubwa na wako wazi. Kwa mtu anayeanza, hapa ni pazuri.

Rubondo ni furukombe, tai mla samaki. Sijaona mahali pengine penye furukombe wengi kama kandokando ya kisiwa kile. Uvuvi umezuiwa kwenye maji ya hifadhi, samaki huzaliana kwa usalama, na furukombe anakaa palipo na samaki. Kila sehemu ya ufukwe ina jozi yake, na asubuhi mmoja akirusha kichwa nyuma na kulia, wa jirani anajibu, na wa pili yake, mpaka mlio unazunguka ghuba nzima. Ndani ya msitu kazi ni ngumu. Utasikia ndege ishirini na kuona wawili. Kasuku wa kijivu waliachiliwa pale mwaka 2000 baada ya kuokolewa kutoka kwa walanguzi, na ukibahatika utawasikia kabla ya kuwaona.

Saanane kwa ndege inanifurahisha kuliko watu wanavyoitegemea. Mnandi wamejipanga kwenye mawe wamekunjua mabawa kama nguo za kuanika, kwa kuwa manyoya yao hunywa maji wanapozama kutafuta samaki na lazima yakauke. Mdiria mweusi na mweupe husimama hewani palepale, kichwa hakitikisiki, kisha anajitupa majini kama jiwe. Fundichuma, kwera kwenye matete, yangeyange, kwarara. Na wapo kasuku wadogo wa kijani wenye mdomo mwekundu na uso wa rangi ya chungwa, ambao asili yao ni ukanda huu wa kusini mwa ziwa. Duniani kote watu huwafuga kwenye vizimba, hapa kwetu wanakula mbegu bure juu ya miti.

Na kama mfuko hauruhusu hata Saanane, ndege wa ziwa hawana lango. Kaa karibu na Jiwe la Bismarck saa kumi na mbili asubuhi, au nenda Malimbe na Luchelele kwenye miamba ya ufukweni, au simama Mwaloni Kirumba uwatazame marabu wakisubiri matumbo ya samaki. Darubini ya kuazima inatosha. Kuanzia Novemba hadi Aprili wanaongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia, mbayuwayu wakiwa wengi kuliko wote.

Mandhari

Kwa macho tu, bila mnyama, ningechagua Saanane jioni. Unapanda mwamba wa juu, mji wote uko mbele yako umekaa juu ya mawe, taa za Capri Point zinaanza, mitumbwi inatoka. Rubondo ni kijani na maji hadi macho yanachoka. Serengeti magharibi ni anga. Kwa mtu aliyekulia mjini ukubwa ule una kitu unachomfanya.

Anayetaka visiwa na watu badala ya hifadhi, apande kivuko kwenda Nansio, Ukerewe, apite mashamba ya mihogo na machungwa na apande kilima cha Handebezyo. Wanyama wakubwa hatawaona.

Mfuko na majira

Sitaandika bei hapa, hubadilika, na raia, mkaazi na mgeni hawalipi sawa. Ninachoweza kusema ni kitu gani hasa kinakula pesa. Saanane, kiingilio na boti, familia ya kawaida ya Mwanza inaimudu kwa Jumamosi moja. Serengeti, kiingilio cha Mtanzania hakitishi. Kinachouma ni gari. Mkiwa sita mkachangia Landcruiser moja, hesabu inakaa sawa, mkiwa wawili inauma. Rubondo ni boti, malazi na chakula, kwa sababu huko hakuna duka la jirani. Hapo pia wengi ni nafuu kuliko wachache. Kote malipo hufanyika kwa namba ya malipo au kadi, usiende na noti ukidhani utapokelewa dirishani. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu 2019.

Majira yanagusa Ndabaka kuliko kwingine. Udongo wa kule ni ule mweusi ambao Wasukuma wanauita mbuga. Ukikauka una nyufa za kumeza mguu, ukilowa unakamata tairi na hauliachii. Machi na Aprili usiende na gari dogo hata kama mtu atakuambia linapita. Rubondo hupitika mwaka mzima, ila mvua ikinyesha njia za msituni huteleza na ziwa hubadilika haraka. Vaa jaketi la kujiokolea hata kama wenyeji hawajavaa. Sehemu zote mbili zina mbung'o, na mbung'o wanapenda nguo nyeusi na za buluu iliyokolea. Vaa kaki au kijivu. Kuogelea ziwani hapana, si kwa mamba tu, kuna kichocho.

Nilichomjibu dada

Nilimpigia jana usiku. Nilianza na mama. Watu hudhani mzee umpeleke karibu, Saanane, kwa kuwa ni dakika kumi. Lakini Saanane ni ngazi na mawe, na kupanda na kushuka botini. Mahali ambapo magoti ya mama hayatatumika kabisa ni Serengeti. Atakaa kiti cha mbele, mto mgongoni, na wanyama watamfuata alipo. Juni nyumbu wanaweza kuwa wamefika. Tutatoka Mwanza saa kumi alfajiri ili tuwe Ndabaka lango linapofunguliwa saa kumi na mbili, na tutalala usiku mmoja karibu na Lamadi tusirudi gizani na watoto. Simba siwaahidi. Mama alidakia simu, "Mwanangu, mimi nyumbu wananitosha," akauliza kama inaruhusiwa kubeba matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. Nikamwambia inaruhusiwa, mradi asimrushie mnyama yeyote.

Saanane nitawapeleka watoto peke yangu, asubuhi ya siku ya kwanza, mama akipumzika. Wana miaka minane na kumi na moja, ndio umri wa kukimbizana na mijusi kwa macho. Chakula tutakula tumefunga mabegi vizuri, tumbili wa kule wana mikono myepesi.

"Na mimi?" dada akauliza. "Ile sehemu tulivu?"

Rubondo sikuitia ndani ya siku nne. Kuivuta pale ni kuifanya iwe ya haraka, na ukiwa na haraka nzohe hutamwona. Nilimwambia arudi Septemba, bila watoto, tuende wawili kwa usiku tatu kupitia Kasenda. Alinyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwita mumewe amletee kalenda. Leo asubuhi nimeshapiga simu hifadhini kuulizia boti.